Barua za Wasomaji: Jazz kwenye Cherehani, Chumba cha Kupanga na Kanisani

Katika toleo lililopita niliandika kwamba jazz ni muziki wa watu wenye shughuli zao, na kwamba haumtaki msikilizaji awe amesomea nota wala awe na nafasi ya kukaa kitako jioni nzima. Barua zilizofuata zimenifurahisha kwa sababu karibu zote zimetoka kwa watu wa aina hiyo hasa. Nimechagua tano, nikazifupisha kidogo, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

*Shikamoo Mwandishi. Mimi ni fundi cherehani, nashona kutwa huku nikisikiliza redio. Baada ya kusoma makala yako nilimwomba mwanangu anitafutie huo muziki kwenye simu, nikausikiliza siku tatu mfululizo nikiwa kazini. Sisikii wimbo. Nasikia watu wanaopishana, kila mmoja na lake, na sijui panapoanzia wala panapoishia. Je, kasoro iko masikioni mwangu au iko kwenye muziki?*
Fundi cherehani, Mwanza

Marahaba, mama. Masikio yako ni mazima na muziki nao ni mzima. Nadhani tatizo liko kwenye simu na kwenye mashine yako. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa vizuri sauti nene, na ile kidogo inayotoka humezwa na mngurumo wa cherehani, kwa hiyo chombo cha kwanza kupotea ni besi. Katika muziki wa dansi, ukiikosa besi bado unabaki na mwimbaji wa kukuongoza. Katika jazz besi ikipotea, wanabaki watu wanaojibu swali ambalo wewe hukulisikia likiulizwa, na hapo mtu yeyote angesema kama ulivyosema, kwamba kila mmoja ana lake.

Nakuomba ujaribu hivi. Jioni, ukishafunika mashine, mwombe mwanao akuwekee "So What", wimbo wa kwanza katika santuri ya *Kind of Blue* ambayo Miles Davis na wenzake waliirekodi New York mwaka 1959, kwa vipindi viwili tu, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Vaa spika za masikioni. Usimtafute mwimbaji, kwa kuwa hayupo. Mwanzoni piano na besi zinatambaa taratibu, kama watu wanaopapasa ukuta gizani wakitafuta mlango. Kisha besi ya Paul Chambers inatamka sentensi moja fupi, na piano ya Bill Evans inaiitikia kwa sauti mbili tu, kama waumini wanavyosema "amina". Besi inasema tena, inaitikiwa tena, na punde tarumbeta na saksafoni mbili nazo zinajiunga katika kuitikia. Huo ndio wimbo wenyewe, mama. Wewe uliyekulia kwenye ngoma zenye mwitaji na waitikiaji unaujua mpango huo tangu utotoni; tofauti ni kwamba safari hii anayeita ni yule ambaye kwa kawaida husimama nyuma.

Baada ya hapo zamu zinaanza. Miles anapokea kwanza kwa tarumbeta, na unaweza kuutambua mpaka huo kwa pigo moja kubwa la toazi la mpiga ngoma, Jimmy Cobb. Anafuata John Coltrane kwa saksafoni nene, kisha Cannonball Adderley kwa saksafoni nyembamba, kisha Evans, na mwishoni besi inarudi na maneno yake yale yale. Wote wanne wanapita juu ya kiunzi kimoja chenye mizani 32, yaani vipande 32 vya mapigo manne manne: 16 za kwanza zimekaa mahali pamoja, 8 zinazofuata zinapanda nusu sauti, na 8 za mwisho zinarudi chini. Kiunzi hakibadiliki hata mara moja; kinachobadilika ni kile ambacho kila mmoja anakibuni juu yake. Wewe unajua kuliko mimi kwamba ukiwapa mafundi wawili kitambaa kimoja na vipimo vya mteja mmoja, hutapata magauni mawili yaliyofanana. Wapemba wenye ngoma ya kibati nao wanalijua jambo hili, kwa sababu washairi wao hujibizana papo kwa papo na kwa kasi, hakuna anayejua mapema atajibiwa nini, na bado mdundo hauvunjwi.

Evans, ambaye ndiye aliyeandika maelezo ya jalada, alieleza kwamba Miles alifika studio akiwa na michoro tu ya nyimbo hizo. Maana yake ni kwamba wale watu hawakuwa na la kutegemea ila masikio yao, na ukisikiliza kwa makini utawasikia wakisikilizana. Hicho ndicho ninachokipenda mimi katika jazz kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo kila mara umsikilize mtu mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho: leo besi, kesho toazi, keshokutwa piano inavyofanya kazi huku mwenzake ndiye anayesifiwa. Mimi nilianza na besi na nilikaa nayo karibu mwezi mzima. Ukishawajua wote mmoja mmoja, ndipo uurudishe wimbo huo kwenye cherehani, na hata mashine ikiimeza besi, utaijaza wewe mwenyewe kichwani.

*Mwandishi, salaam. Nimezaliwa na kukulia Tanga, na ujana wangu niliumalizia kwenye madansi ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mjukuu wangu, ambaye siku hizi anasoma mambo haya kwenye simu, ameniambia kwamba zile hazikuwa jazz. Je, tulidanganywa?*
Babu wa wajukuu wanane, Tanga

Hamkudanganywa, mzee wangu, na mjukuu naye hajakosea. Neno lenyewe limesafiri kuliko muziki. Katika magazeti ya California ya mwaka 1912 na 1913 lilionekana kwenye habari za michezo, likiwa na maana ya nguvu na uchangamfu, na ilipofika mwaka 1917 bendi ya kwanza kuuza santuri ya muziki huo bado iliandika jina lake "Jass". (Wapo wanaopenda kuamini kwamba limetokana na neno letu *jazba*. Linapendeza masikioni, lakini njia ya kihistoria ya kutuvusha kutoka huku hadi kule haipo.) Lilipofika pwani yetu lilikuwa tayari ni jina la kila bendi ya kisasa yenye ala za kupuliza, magitaa na ngoma za kizungu, iwe inapiga foxtrot, waltz au rumba.

Ndiyo maana Dar es Salaam Jazz Band ilijiita hivyo mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, na Western Jazz mwaka 1959. Kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Joseph Kabasele alikuwa na African Jazz na Franco akawa na OK Jazz, iliyoanza mwaka 1956, na katika eneo la Ziwa Victoria hata benga ilibeba jina hilo katika Shirati Jazz. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ndiyo leo mnayoijua kama Msondo Ngoma. Muziki uliowalea wote hao zaidi ulikuwa ule wa Kuba, uliofika kwa santuri zilizoitwa GV, wala si ule wa New Orleans, jiji la Marekani ilikozaliwa jazz.

Hata hivyo nitakuomba umwekee mjukuu wako Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, umwambie asikilize gitaa peke yake. Litakapoacha kumsindikiza mwimbaji na kuanza kusema la kwake, mwulize kama bado anaona jina lilikaa vibaya.

*Kaka, mimi nimepanga chumba kimoja Temeke, katika nyumba yenye wapangaji sita. Mwaka jana nilinunua saksafoni ya mtumba kwa akiba ya miezi minane, na ninajifunza mwenyewe baada ya kazi. Jirani yangu amejifungua hivi karibuni na amenishtaki kwa mwenye nyumba. Nimeambiwa nichague kati ya chumba na saksafoni. Nifanyeje?*
Mpangaji, Dar es Salaam

Ndugu yangu, jambo kama lako lilimkuta mtu mkubwa sana katika chombo hicho hicho. Mwaka 1959 Sonny Rollins alikuwa amekwisha kuitwa bingwa wa saksafoni katika Marekani nzima, lakini yeye mwenyewe hakuridhika na alivyopiga, akaacha kutumbuiza ili ajifunze upya. Aliishi katika nyumba ya kupanga upande wa mashariki wa Manhattan, na mmoja wa majirani zake alikuwa mjamzito. Rollins hakutaka kumsumbua. Akachukua chombo chake, akatembea hadi kwenye daraja la Williamsburg linalovuka East River kwenda Brooklyn, akapiga huko juu, kwenye njia ya waenda kwa miguu, huku treni na magari yakipita na meli zikipiga honi chini yake. Alifanya hivyo majira yote, hata kwenye baridi kali, kwa zaidi ya miaka miwili, na aliporudi jukwaani alitoa santuri ya mwaka 1962 aliyoiita *The Bridge*, yaani daraja.

Watu husimulia habari hii kama kisa cha msanii aliyekimbilia upweke. Mimi naiona kwanza kama kisa cha jirani mwema, na ningependa uanzie hapo. Kabla hujatafuta daraja lako, nenda kwa yule mama, mwamkie, mpongeze kwa mtoto, umwambie kwamba hutapiga tena ndani ya nyumba hadi mtoto akue, na baada ya hapo ndipo umrudie mwenye nyumba. Ukitafuta mahali pa wazi, ufukweni panafaa alfajiri, ila upepo wa bahari una chumvi na mchanga, na vile vifuniko vya ngozi vya saksafoni haviupendi. Ifute vizuri kabla ya kuirudisha kwenye mkoba wake, na uutoe ule ulimi wa mwanzi ukaukie pembeni. Usiku ukiwa chumbani unaweza kuendelea kujifunza bila kupuliza, kwa kubonyeza vidole huku ukiimba sauti hizo polepole kinywani. Utagundua kwamba usichoweza kukiimba hukijui bado, hata kama vidole vyako vinakifikia.

*Shikamoo Mwalimu. Ninasoma chuo kikuu. Nikitafuta mambo mengine nilikutana na santuri ya Herbie Hancock ya mwaka 1971 inayoitwa "Mwandishi". Nilidhani nimesoma vibaya. Wapigaji wote wana majina ya Kiswahili, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwetu. Waliyapata wapi, na sisi tuyachukulieje?*
Mwanafunzi, Eldoret

Marahaba, mwanangu. Hukusoma vibaya. Waliyapata kwa kijana wa Philadelphia aliyezaliwa James Forman, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath, ambaye alijiunga na vuguvugu la Wamarekani weusi lililoongozwa na Maulana Karenga kule California, akaitwa Mtume. Karenga ndiye aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, na wafuasi wake walikichagua Kiswahili kwa sababu waliona ni lugha ya Afrika isiyofungwa na kabila moja. Kwa watu ambao babu zao waliporwa lugha, na ambao hawakuweza kujua ni lugha ipi hasa iliyoporwa, sababu hiyo ilikuwa nzito. Mtume ndiye aliyewagawia wenzake majina. Hancock, mpiga piano na kiongozi wa bendi, akawa Mwandishi kwa kuwa ndiye mtunzi, Billy Hart wa ngoma akawa Jabali, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Bennie Maupin wa ala za kupuliza akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto, na Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga. Hili la mwisho lina haki kabisa, kwa sababu Henderson alikuwa daktari aliyesomea Chuo Kikuu cha Howard na aliyewatibu watu San Francisco huku akipiga tarumbeta.

Umeuliza tuyachukulieje. Sikio la Mswahili litasita kidogo kwenye "Mchezaji", kwa maana kwetu besi haichezwi, hupigwa, na anayecheza ni yule aliye ukumbini. Ni wazi kwamba neno lilitafutwa kwenye kamusi, kutoka katika lugha ambayo kupiga ala na kucheza mpira ni kitenzi kimoja. Lakini mimi, kila ninapoliona jina hilo, naona mtu aliyeketi na kamusi mbali sana na sisi, bila mzazi wala jirani wa kumsahihisha, akitafuta neno la Kiafrika la kazi anayoipenda. Siwezi kulisoma kwa namna nyingine. Katika santuri hiyo hiyo, wimbo wa kwanza, ambao Hancock aliutunga kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis, una mpiga ngoma wa pili kijana anayeitwa Leon Chancler. Naye alipewa jina la Ndugu, akalichukua maisha yake yote, na baadaye ndiye aliyepiga ngoma katika "Billie Jean" ya Michael Jackson. Karibu kila mwenye redio Afrika Mashariki amemsikia Ndugu bila kujua.

Ukitaka kusikia Kiswahili chenyewe ndani ya jazz, kikitoka kinywani mwa mwenyewe, rudi nyuma miaka kumi na moja. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston aliingia studio New York na bendi ya watu zaidi ya 20 kurekodi *Uhuru Afrika*. Baba yake, mfuasi wa Marcus Garvey, yule mtetezi wa umoja wa watu weusi, na mwenye mgahawa Brooklyn, alimlea akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na katika mgahawa huo wakubwa wa jazz walikula na kubishana hadi usiku wa manane. Mwaka ule wa 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Weston akaomba ushauri kwa Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa kuhusu lugha ya kutumia, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Basi santuri inaanza kwa ngoma, na mshairi Langston Hughes ndiye aliyeandika maneno ya kuukaribisha uhuru, kisha sauti ya Mtanganyika Tuntemeke Sanga inayatamka kwa Kiswahili. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", ya mwisho "Kucheza Blues". Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Ulibaki mwaka mmoja na wiki chache. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku.

Nilipoisikia sauti ya Sanga kwa mara ya kwanza, nikiwa peke yangu na chai mezani, nilisimama. Ni matamshi ya nyumbani, hayana haraka, na nyuma yake bendi nzima inangoja amalize. Anza na hiyo, mwanangu, kabla ya *Mwandishi*, kwa sababu muziki wa Hancock wa miaka ile una vyombo vya umeme na safari ndefu zenye ukungu, na ni rahisi zaidi kuufuata ukishajua ni shauku gani iliyoutangulia.

*Bwana Yesu asifiwe. Binti yangu ana miaka 12, na anataka kupiga tromboni katika bendi ya tarumbeta ya usharika wetu. Mwalimu wa bendi amemkubali, lakini shangazi zake wanasema kupuliza kile chombo ni kazi ya wanaume, na kwamba kitamharibu kifua. Mimi mwenyewe sina la kuwajibu. Naomba msaada wako.*
Mama, Moshi

Amina, mama. Barua yako nimeiweka baada ya ile ya Eldoret kwa makusudi, kwa sababu ile *Uhuru Afrika* niliyoieleza, pamoja na kila sauti ya tarumbeta, tromboni na saksafoni unayoisikia humo, ilipangwa na mwanamke, Melba Liston, naye alikuwa mpiga tromboni.

Alizaliwa Kansas City mwaka 1926, na alikuwa na miaka 7 mama yake alipomnunulia chombo hicho. Alikulia Los Angeles, akapiga katika bendi kubwa tangu ujana wake, na mwaka 1956 mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alimwita New York ajiunge na bendi iliyokuwa ikisafiri kwa niaba ya serikali ya Marekani. Wanaume wa bendi ile walinung'unika: kwa nini aletwe mwanamke kutoka mbali kote huko wakati wapigaji wamejaa mjini? Gillespie akaweka mbele yao muziki alioupanga Liston mwenyewe. Walipojaribu kuupiga wakakosea, na manung'uniko yakaisha. Mwaka 1973 alikwenda Jamaika kufundisha muziki kwa miaka kadhaa, na hata baada ya kupatwa na kiharusi mwaka 1985, kilichomzuia kupiga tena, alijifunza kutumia kompyuta akaendelea kumpangia Weston nyimbo. Uhusiano wao wa kazi ulidumu miongo. Weston alikuwa akitunga kwenye piano, na Liston ndiye aliyekuwa akisikia bendi nzima ndani ya piano hiyo.

Kuhusu kifua, waambie shangazi kwamba tromboni haitaki nguvu za kifua. Inataka pumzi itokayo chini, tumboni, kama ile ya mwimbaji mzuri wa kwaya, na midomo inayotetemeka bila kukazwa. Dalili ya kuangalia ni midomo. Ikivimba au ikiuma baada ya mazoezi, binti anakandamiza chombo usoni, na dawa yake ni kupumzika na kurudia sauti za chini kwa upole, dakika 15 au 20 kwa wakati mmoja katika miezi ya mwanzo.

Shida ya kweli itakuwa mkono. Tromboni haina vitufe. Sauti hubadilishwa kwa kusukuma na kuvuta lile bomba la mbele, ambalo lina vituo saba, na kituo cha saba kiko mbali kuliko mkono wa watoto wengi wa umri huo. Asilazimishwe kukifikia kwa kupinda mgongo. Mwalimu ampe kwa sasa sehemu zisizohitaji vituo viwili vya mwisho, au kama usharika una tromboni yenye vali ya kidole gumba, ampe hiyo, kwa maana huziwezesha sauti za mbali kupigwa karibu. Mkono utarefuka wenyewe.